Namna ya kusimulia filamu ya mashujaa wengi kibandani, na mahali pa kunyamaza

Mara ya kwanza nilipoonyesha Avengers: Endgame hapa Busia, upande wa Uganda, niliiharibu. Kibanda changu cha video kilijaa hadi watoto wakakalia kreti za soda. Nilishika maiki nikasimulia bila kupumua, kama mtu anayenadi mitumba, mpaka ikafika ile sehemu niliyokuwa naingoja tangu jioni: nyundo inainuka yenyewe kutoka chini, inalipiga lile zee la kidevu, adui Thanos, kisha inarudi na kutua mkononi mwa Kapteni, yaani Captain America. Mwaka huohuo wa 2019 nilikuwa nimepanda basi hadi Kampala kuitazama filamu hiyo kwenye sinema ya Acacia Mall, na pale, nyundo ilipotua, watu waliinuka vitini kama vile Cranes, timu yetu ya taifa, wamefunga bao. Kwangu walipiga kelele vijana watatu wa boda. Wengine wote wakageuka kuwatazama wale vijana. Dereva mmoja mzee wa lori akauliza, kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza chapati nje: "Kwani hiyo nyundo ina nini?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa ndani ya filamu nyingine, ya mwaka 2015, ambayo sikuwa nimewaonyesha.

Naandika haya kwa kijana yeyote aliyenunua maiki juzi na anataka kusimulia filamu kwa Kiswahili. Kampala wenzetu wanasimulia kwa Kiganda, na majina kama VJ Jingo na VJ Junior yanajulikana mpaka vijijini. Wakenya wana DJ Afro wao, Watanzania walikuwa na Lufufu. Hapa mpakani, kwenye benchi moja utakuta Msamia, Mteso, Mganda, Mjaluo na dereva Msomali aliyekwama na kontena lake, kwa hiyo lugha ni moja tu. Mimi Kiswahili sikukisomea. Nilikuwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori, miaka sita, nimekiokota Mariakani, Mtito Andei, Salgaa na Malaba, kiti cha kushoto cha lori. Ukikuta nimekosea ngeli, jua nilikuwa nakaza turubai siku waliyofundisha.

Tuanze na nakala

Usisimulie juu ya nakala iliyorekodiwa kwa kamera ndani ya sinema. Sheria ya sasa ya hakimiliki ya Uganda ni ya 2006, na mwenye kibanda asiyetaka kulala polisi anaijua, lakini hata sheria isingekuwepo ningekukataza. Nakala ile ina watazamaji wake ndani. Unawasikia watu wa ng'ambo wanacheka, wanakohoa, kichwa cha mtu kinapita mbele kuelekea chooni. Wao wanasikia Kiingereza na kucheka papo hapo, wakati mimi ndiyo kwanza nafungua mdomo. Watu wangu wanasikia kicheko kabla ya mzaha wenyewe. Mtu akihisi amepitwa hacheki, ananuna. Na kuna siku ilikuwa mbaya zaidi: kibanda kizima kilianza kucheka kwa kuwafuata wale wa ng'ambo, kicheko cha adabu, kama wageni kwenye harusi ya watu wasiowajua. Subiri nakala safi, ipate kwa njia halali, na uwe na leseni ukutani. Watu wa Busia hawaendi popote.

Kulipa madeni

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo vijana wengi hawataki kujisumbua.

Filamu ya shujaa mmoja inajitosheleza. Anaonewa, anapata nguvu, analipiza, mnakwenda kulala. Filamu ya mashujaa wengi ni kama kikao cha ukoo: umemkuta mjomba analia, na huwezi kulia naye mpaka uambiwe kilichotokea mwaka juzi. Endgame ilikuwa ya 22 katika mfululizo ulioanza 2008 na Iron Man. Wale wa Acacia Mall walikuwa wameziona karibu zote, wamekuja na madeni yao mfukoni. Walipopiga kelele hawakuwa wanapigia kelele sekunde zile tano, bali miaka kumi na moja. Mteja wangu ameingia kwa sababu mvua inanyesha na kiingilio ni shilingi 1,000.

Huwezi kuonyesha filamu 21 kabla ya moja. Basi tafuta ni nyakati zipi ndani ya filamu kubwa zinategemea deni la nyuma, kisha ulipe yale madeni tu. Mimi niliyapata manne, nikayapangia siku tatu.

Jumatano nilionyesha Avengers: Age of Ultron, ile ya 2015. Mle ndani kuna karamu. Wamekunywa, wameanza kutaniana, mmoja baada ya mwingine wanajaribu kuiinua nyundo ya Thor. Fundi wa Chuma, yaani Iron Man, anavaa mkono wake wa mashine na bado anashindwa. Kapteni anaishika, nayo inatikisika kidogo sana, na tabasamu la mwenye nyundo linakauka. Nikasimamisha filamu. Nikairudisha. Nikawaambia, "Tazameni uso wa mwenye mali." Nikawaeleza kwamba nyundo hii ni kama kigoda cha ukoo: hakikaliwi na mwenye misuli, kinakaliwa na anayestahili, na hapa kigoda kimemsogelea mtu wa nje. Yule dereva mzee alikuwepo. Akasema, "Ahaa," akakunja mikono.

Alhamisi nilionyesha filamu nyingine kabisa ya ngumi, lakini kabla yake niliweka dakika chache za mwanzo wa Captain America: The Winter Soldier, ya 2014, bure. Asubuhi, watu wawili wanakimbia mazoezi. Mmoja ana mapafu ya kawaida, mwingine ni Kapteni. Kila Kapteni anapompita mwenzake anasema, "Kushoto kwako." Anampita tena: "Kushoto kwako." Mwenzake anakasirika, ndipo urafiki unaanza. Hili kwangu lilikuwa rahisi, maana ni maneno ya tanboi. Usiku, dereva akitaka kulipita lori jingine au kusogea kando ya barabara, wewe ndiye macho yake ya kushoto. Nikawaeleza hivyo madereva, wakalishika neno lile kama lao.

Ijumaa ikawa Infinity War yote, dakika 149. Hapo madeni ni mawili. La kwanza ni kidole. Mganga wa joho jekundu, Doctor Strange, anachungulia siku zijazo, anaona njia 14,000,605, anaulizwa ni ngapi tunashinda, anajibu moja. Niliwasha tochi nikamulika kidole changu kimoja hewani. Usione aibu kufanya mambo kama hayo. La pili ni ile kupigwa kwa vidole: zee la kidevu linafyatua vidole, nusu ya viumbe vyote vinageuka vumbi.

Na hapo ujiandae, maana watu watakasirika. Wamelipa kuona mashujaa wote kwa pamoja na wote wameshindwa. "Nirudishie elfu yangu!" Nimeisikia hiyo zaidi ya mara moja. Filamu ya aina hii ikimalizika kwa kilio, mtazamaji wa kibandani anaona umemkatia sehemu ya mwisho ukaificha. Siku hizi nawaambia mlangoni, kabla hawajatoa pesa: leo ni kipindi cha kwanza, na tunafungwa. Hakuna aliyewahi kudai pesa yake wakati wa mapumziko ya mpira.

Majina

Mpe kila shujaa jina la Kiswahili mara moja na usilibadilishe mpaka ufe. Kapteni, Mwenye Nyundo, Fundi wa Chuma, Jitu la Kijani (Hulk), Dada (Black Widow), Mfalme Chui (Black Panther), Sisimizi (Ant-Man), Mganga. Wale mafundi wa kuchomelea milango karibu na stendi walipomsikia Fundi wa Chuma wakajiona wana mtu wao mle ndani, wakaanza kuja na miwani yao myeusi kichwani. Spider-Man nilimwita Buibui, nikajuta kidogo, kwa sababu akina mama wa Kiislamu waliuliza mbona hajavaa buibui lenyewe. Nikaliacha vilevile. Mzaha wa bure haukataliwi.

Jina la adui liwe la kumcheka, lisiwe la kutisha. Kidevu cha Thanos kina mifereji kama shamba lililolimwa kwa ng'ombe, basi akawa Zee la Kidevu. Mtu anayemcheka adui dakika ya kumi atamwogopa vizuri zaidi saa ya tatu. Sijui kwa nini iko hivyo, lakini iko hivyo.

Nani akae wapi

Watoto mbele kwenye mkeka, boda katikati, madereva nyuma karibu na mlango kwa sababu wanaweza kuitwa foleni ikisogea. Akina mama wakae ukutani wapate kuegemea.

Kila kibanda kina mwanzilishi, mtu ambaye akicheka wote wanacheka, akisonya wote wanasonya. Hajijui. Usimwambie na usimlipe, maana ukimlipa ataanza kuigiza, na watu watanusa. Kazi yako ni kumjua na kuhakikisha hakai pembeni. Kwangu ni mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga. Akifika namwekea nafasi katikati ya benchi la tatu, nasema ni kwa ajili ya mgongo wake.

Saa tatu na petroli

Endgame ina dakika 181. Nunua petroli ya saa nne, umeme uwepo usiwepo. Lori likizima kwenye mlima wa Mau unaweza kuweka jiwe chini ya tairi. Kibanda kikizima giza dakika ya 170 hakuna jiwe.

Mapumziko yapo mahali pamoja tu pazuri: pale wanapovaa zile nguo nyeupe na kusimama juu ya mtambo wa kurudi nyuma kwenye wakati. Saa ya kwanza ya huzuni imekwisha, safari haijaanza. Dakika kumi na tano, watu wakojoe, chapati ziuzwe. Ukikata kabla ya hapo nusu hawarudi. Ukikata baada ya hapo watakupiga.

Kiswahili chenyewe

Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni kwa lazima. Vizuri. Lakini ukisimulia Uganda lazima ujue kwamba kuna watu, hasa wazee, ambao Kiswahili cha kwanza walichokisikia kilitoka kwa mtu mwenye bunduki. "Lala chini." "Toa kitambulisho." Nimeona mama mtu mzima akishtuka kwa sababu nilimpa askari wa kwenye filamu sauti ile, ya kizuizi cha barabarani. Watoto walicheka. Yeye alishika kanga yake.

Tangu siku ile nafanya hivi: mashujaa wanazungumza Kiswahili cha sokoni, cha kupatana bei. Kiswahili cha amri nakiweka kwa Zee la Kidevu na jeshi lake peke yao, na hata hapo nakitoa kwa sauti ya chini. Kapteni anapokuja kutoa ile amri ya mwisho, ambayo kwa Kiingereza ni neno moja la kuwaambia wakusanyike, silitafsiri kama amri ya gwaride. Nasema polepole, "Jamani. Twendeni." Nimejaribu njia nyingi, hii ndiyo iliyoinua watu.

Saa ya kwanza ni matanga

Saa ya kwanza ya Endgame ndiyo inayowashinda wasimulizi. Hakuna ngumi. Watu wamekaa, wanazungumza, wanalia, mmoja anakula mkate peke yake. Kijana asiye na uzoefu anaogopa ule utulivu, anaanza kubuni vita ambavyo havipo. Usifanye hivyo. Waambie ukweli: hapa tupo matangani. Nusu ya dunia imekufa na hakuna maiti hata moja ya kuzika. Hakuna kaburi, hakuna siku ya kuondoa tanga. Mtu wa hapa anaelewa ubaya wa jambo hilo kuliko anavyoelewa mlipuko wowote. Nilipolisema hivyo, kibanda kilitulia chenyewe.

Kisha miaka mitano inapita, na baadaye wale waliopotea wanarudi. Wazungu waliotengeneza wameipita haraka sehemu hiyo. Wewe usiipite. Niliwaambia, "Fikirieni, umepotea miaka mitano, unarudi unakuta kibanja chako kimeuzwa mara mbili, na aliyenunua ni shemeji yako." Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukipata kwa mzaha wa Marekani. Mwanamume mmoja hakucheka. Baadaye niliambiwa yuko mahakamani kwa kesi kama hiyo. Basi tazama na nyuso pia.

Kuna mahali pengine watu wako watacheka tofauti na walivyokusudia wenye filamu. Mwenye Nyundo anatokea na tumbo kubwa, ndevu ovyo, anakunywa pombe mchana. Kampala watu walicheka tumbo. Busia akina mama walipiga vigelegele. "Amepata pesa!" "Ameoa mtu anayejua kupika!" Ukiwaacha hivyo filamu inapotea, kwa sababu hawajui kwamba mtu yule amevunjika. Nikatua maiki begani, nikasema, "Hapana mama, huyu anakunywa ili asiote ndoto." Vigelegele vikafa. Inauma kuua vigelegele, lakini wakati mwingine ndiyo kazi.

Na panya. Usisahau panya. Sisimizi anarudi duniani kwa sababu panya amepita juu ya vitufe ndani ya gari bovu. Mimi mwenyewe sikuwa nimelitilia maanani. Watoto wa mkekani waliimba "Panya! Panya!" mpaka nikashusha sauti ya filamu kwenye mikisa, nikawaacha waimbe. Wakipata cha kwao, waachie. Filamu ile ilitengenezwa kwa mamia ya mamilioni ya dola, na aliyeshangiliwa zaidi saa ya kwanza Busia ni panya.

Wa kwetu

Florence Kasumba alizaliwa Kampala, akakulia Ujerumani. Ni yule mlinzi wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Mfalme Chui, mwenye kichwa kilichonyolewa, anaitwa Ayo. Katika Captain America: Civil War ya 2016 anamzuia Dada njiani na kumwambia maneno machache ambayo kwa Kiswahili yanakaa vizuri kuliko kwa lugha yake ya kwanza: "Pisha, au utapishwa." Alipotokea Ijumaa ile kwenye Infinity War, nilisimamisha filamu sekunde tatu, nikasema jina lake na mahali alipozaliwa. Sekunde tatu tu. Kelele zilikuwa za dakika nzima. Wiki iliyofuata boda wote wa stendi walikuwa wanaambiana pisha au utapishwa, mpaka askari wa barabarani naye akaidaka.

Lakini usidanganye. Wataniuliza, na wewe watakuuliza, kwa nini Wakanda hawazungumzi Kiswahili wakati ipo huku kwetu. Wanazungumza Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini. Sema hivyo. Nilimsikia msimulizi mmoja akiwaambia watu kwamba ni Kiswahili cha zamani, na mwalimu aliyekuwa ndani akatoka na familia yake yote.

Halafu Mfalme Chui. Katika vita vya mwisho Kapteni amebaki peke yake, ngao imevunjika, jeshi lote la zee liko mbele yake. Sauti ya yule mwenzake wa mazoezi inaingia redioni: "Kushoto kwako." Deni la Alhamisi. Nilivyowalipia, madereva wa nyuma walijibu kabla yangu, sauti nzito za watu waliozoea kupiga kelele juu ya injini: "Kushoto kwako!" Milango ya mwanga inafunguka, na wa kwanza kutoka ni Chui, dada yake, na Okoye, mkuu wa walinzi wake. Mwaka 2019 hapo palikuwa kelele tupu. Nilipoionyesha tena baada ya Agosti 2020, Chadwick Boseman aliyemwigiza Chui akiwa ameshafariki, kelele zilianza zikakatika katikati. Mama wa samaki alisema, "Aa, mwanangu," kama mtu anayepokea mgeni usiku. Msimulizi hana la kuongeza hapo.

Wanaolipenda zee

Watakuwepo. Kwangu ni kijana wa duka la simu, anasema zee lilikuwa na hoja, chakula hakitoshi, watu wamezidi. Usimnyamazishe. Muulize tu mbele ya wote: kwenye familia yako mko kumi, zee likifyatua vidole, utataja wewe watano wapi? Mpe maiki ajibu. Wiki hii anasema hakuulizwa sawasawa.

Mkia

Watu wamejifunza kukaa mpaka majina yaishe kwa sababu filamu hizi huficha kipande mwishoni. Avengers ya kwanza, ya 2012, ina mashujaa wamekaa kimya wanakula shawarma, na watu wangu waliipenda kuliko vita, kwa sababu ndivyo mtu anavyokula baada ya kushusha tani thelathini za saruji. Endgame haina kipande cha namna hiyo, kuna mlio tu wa chuma kugongwa. Waambie mapema. Mara moja sikuwaambia, wakakaa kwenye joto na mbu, wakidhani nimekata.

Mahali pa kunyamaza

Nimeliacha hili nyuma kwa sababu ndilo lililonichukua muda mrefu kulijua, na bado mkono huwa unaniwasha.

Ukiwa na maiki unaona kimya ni hasara. Watu wamelipa kusikia sauti yako. Lakini ukiwa umelipa madeni vizuri, kuna dakika ambazo hawakuhitaji tena, na ukizungumza unawaibia. Jumamosi ya marudio niliandika mahali patatu kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu: NYAMAZA. Nyundo. Milango. Kidole.

Nyundo ilipoinuka niliweka maiki juu ya meza, nikakalia mikono yangu. Kibanda kilipasuka. Yule dereva mzee alisimama, akamgeukia tanboi wake, kijana mdogo asiyekuwepo Jumatano, akaanza kumweleza kwa mikono yote miwili kuhusu kigoda cha ukoo. Sikusikia filamu dakika nzima, na sikupandisha sauti.

Kisha mwisho. Fundi wa Chuma amechoka, yuko chini, anamtazama Mganga ng'ambo ya uwanja. Mganga hasemi neno. Anainua kidole kimoja, kinatetemeka. Nilikuwa nimeshika tochi kwa mazoea, nikaizima. Gizani kule mbele, kwenye mkeka, mtoto mmoja akainua kidole. Halafu mwingine. Halafu mama wa samaki. Hakuna aliyezungumza. Fundi alipofyatua vidole vyake hakuna aliyeshangilia pia, ingawa tulikuwa tumeshinda. Walikuwa wameshahesabu bei. Yakaja mazishi kando ya ziwa, watu wamevaa nyeusi, wamesimama kimya kila mmoja mahali pake, na hata yule mama ambaye mara ya kwanza aliuliza ni mazishi gani haya, watu wamesimama kama wanangoja teksi, safari hii hakuuliza.

Pazia la mlango likafunuliwa kidogo. Alikuwa muuza chapati, mikono ina unga, anachungulia.

"Baba," akaninong'oneza, "umeme umekatika?"

Nikamtikisia kichwa. Akaangalia skrini, akaangalia watu, akaingia, akasimama ukutani na kijiko chake cha kugeuzia chapati mkononi. Nje niliisikia harufu ya inayoungua.